Tumetoa magodoro 40 kituo cha afya, wafanyakazi wamenuna, wateja wanatusema. Tulikosea wapi?

Bi Utawala (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu, maana Ijumaa natakiwa kupeleka taarifa kwa mkurugenzi na mpaka sasa nimeandika kichwa cha habari tu.

Mimi ni afisa utawala kwenye kiwanda cha maji ya chupa, mkoa wa Pwani. Jina la kiwanda naliacha, kazi bado naihitaji. Tuko wafanyakazi 212 ukijumlisha na vibarua wa msimu wa joto. Mwaka huu mkurugenzi akasema na sisi turudishe kwa jamii, kwa sababu kila akifungua simu anawaona wenzake wameshika mfano wa hundi mkubwa kama mlango. Kuratibu nikaachiwa mimi.

Nikaenda kituo cha afya cha jirani, mganga mfawidhi akanizungusha wodi ya wazazi. Magodoro yamechanika hadi sponji liko nje, wazazi wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule. Tukakubaliana magodoro 40 na pea 100 za mashuka. Shida ilikuwa ya kweli. Hilo naomba mlishike kabla hamjanirukia.

Tulikabidhi siku ya Jumapili, na kwa macho yangu mambo yalikwenda vizuri mno. Maturubai mawili, mshehereshaji, mgeni rasmi kutoka wilayani, risala. Wafanyakazi walishushwa na basi la kampuni saa moja asubuhi wakiwa na fulana mpya, wakafagia, wakafyeka, wakazibua mitaro ya kituo. Saa tano tukakabidhi. Wa kushika mashuka kwenye picha tulichagua watano, na mmoja wao, dada wa sehemu ya kupakia, alitokea vizuri kuliko wote: ameyakumbatia mashuka kifuani, mzazi ananyoosha mikono kuyapokea, katikati yao kichanga kimefumba macho. Picha hiyo tukaiweka kwenye ukurasa wetu, kwenye kalenda na kwenye bango la getini.

Jumatatu nafika kazini, chini ya picha niliyoibandika ubaoni mtu ameandika kwa makapeni: "Magodoro 40. Zamu ya usiku tunalalia maboksi."

Nikaibandua. Jumanne nikayakuta maneno yale yale ukutani, kwa herufi kubwa zaidi. Wiki hiyo laini ya pili, ambayo kwa zamu hutoa katoni 900, ikatoa 640. Hakuna aliyegoma, kila mtu yuko kwenye nafasi yake, mgomo baridi tu. Fulana nazo nimezikuta zinapigiwa deki chooni, nembo ya kampuni ikiwa juu.

Mtandaoni ndiyo usiseme. Wiki mbili kabla ya shughuli tulikuwa tumepandisha katoni kwa shilingi 300, na mimi hata sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Wateja waliyaunganisha. Mmoja kaandika, "Mashuka nimenunua mimi, mbona picha sikuitwa?" Mwingine kaweka picha ya mtaro ulioziba kwa chupa zetu, nembo inasomeka vizuri kuliko kwenye bango. Hata Mangi wa duka la mtaani kwangu, mtu ambaye hana neno na mtu, kaniuliza, "Dada, yale magodoro yalibaki kule kweli, au yalikuwa ya kupigia picha?"

Mkurugenzi yeye anasema fadhila za punda ni mateke. Mwakani hela itakaa benki. Na mimi nimwandikie "ni kitu gani kimewasibu wafanyakazi."

Sasa wakuu, niandike nini? Tulitoa kitu cha maana, kwa watu wenye shida ya kweli. Mbona walionuna ni wale wa ndani, na wale wanaonunua maji yetu?

Nawasilisha.

---

Kibarua Mstaafu

Mleta mada, maswali matatu kwanza. Jumapili ile walilipwa? Shughuli yenyewe iligharimu kiasi gani ukiweka magodoro pembeni? Na je, kuna mtu aliwachangisha?

Nauliza kwa sababu nimekaa viwandani miaka 19 na sijawahi kumwona mfanyakazi anayemwonea mzazi wivu wa godoro. Ukiona amekasirika, ujue kuna kitu kwenye uzi wako hujakitaja.

---

Jirani wa Mtaro

Mimi kiwanda chenu sikijui, ila hilo la mtaro nalijua.

Huku kwetu tunapakana na kiwanda kingine cha vinywaji. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na kweli mtaroni ilipungua, nafasi yake wakachukua ndugu zake chupa. Sasa mwaka jana kampuni ikaleta vijana wenye glavu, kofia na mpiga picha. Wakaokota chupa saa moja na nusu, upande wa daraja unaoonekana barabarani. Upande wa pili, ambako ndiko maji yanakwama na kuingia vyumbani mwetu, hawakufika. Walichookota wakakijaza kwenye viroba, wakavipanga vizuri, picha ikapigwa, wakaondoka. Viroba vikakaa pale siku nane tukiviangalia. Siku ya tisa mvua ikaja ikavibeba vyote, ikavirudisha mtaroni.

Tangu siku hiyo maji yao sinunui. Na ajabu ni kwamba kabla ya hapo nilikuwa nayanunua, na chupa zao nilikuwa naziona kila siku. Sikuwa na kinyongo. Kinyongo kimeletwa na ule usafi.

---

Bi Utawala

Kibarua Mstaafu umenishika pabaya. Nimekaa na kalamu, acha niweke wazi.

Magodoro milioni 3.8. Mashuka milioni 2.2. Jumla ya kilichobaki kituoni: milioni 6.

Sasa shughuli. Fulana na kofia za watu 160, milioni 2.4. Maturubai, viti na spika, milioni 1.3. Chakula cha meza kuu na wageni, milioni 1.15. Picha na video, laki tisa. Bango, laki sita na nusu. Nauli za waandishi, laki nne. Jumla milioni 6.8. Risiti zote zilipita mezani kwangu moja moja, sikuwahi kuzijumlisha upande mmoja namna hii hadi leo.

Jumapili haikulipwa. Waliofika ni 148, kuanzia saa moja hadi saa nane mchana. Walipewa biskuti na maji. Ndiyo, maji yale yale wanayoyapakia wiki nzima.

Na mchango ulikuwepo. Mkurugenzi alitaka wafanyakazi "washiriki baraka", shilingi 5,000 kila mmoja, 212 wote, ikapatikana 1,060,000. Tuliita mchango wa hiari. Karatasi niliichapa mimi: namba, jina, kiasi, saini. Majina yote yalikuwa yameshachapwa na kiasi kimeshajazwa. Safu ya mtu asiyetaka haikuwepo, wala haikunijia akilini. Siku ya kukabidhi bango likasema kampuni imetoa.

Lakini lililoninyima usingizi ni jingine. Jana nilimwita yule dada wa kwenye picha, nikitaka anisaidie kujua nani anaandika ukutani. (Msinitukane, nilikuwa bado nafikiri hilo ndilo tatizo.) Akasimama mlangoni, hakutaka kukaa. Nikamwambia picha yake imependwa, ameyashika mashuka kwa upendo. Akanitazama kwanza, ndipo akasema: "Mama, lile halikuwa pendo. Fulana ilikuwa imelowa."

Alirudi kazini Februari baada ya siku zake 84 za uzazi. Mtoto ananyonya. Alimwomba msimamizi wa zamu muda wa kwenda kunyonyesha, nyumba yenyewe iko dakika kumi na tano kutoka getini, akajibiwa laini haisimami kwa ajili ya mtu mmoja. Tangu hapo anakwenda chooni, anayakamua maziwa kwenye sinki. Jumapili ile tangu saa moja hajakamua, saa tano imefika tukamwita mbele ya kamera. Mashuka aliyakumbatia ili kujifunika.

Na hiyo ndiyo picha iliyo getini. Anapita chini yake asubuhi na jioni.

---

Keshia wa Mwembe Tayari

Pole dadangu. Wallahi hiyo ya fulana imenigusa.

Mie nilikuwa keshia wa supamaketi hapa Mombasa, siku hizi nauza viungo vyangu mwenyewe. Kulikuwa na mpango wa kulipia watoto masomo. Bili ikiwa 347, namwambia mteja, "Nikufanyie mia tatu na hamsini, hizo tatu ziende kwa watoto?" Jambo la heri, au sio? Nawe husemi ukakosa thawabu.

Kumbe kila keshia ana lengo lake la siku, shilingi mia mbili za watoto, na jina la aliye nyuma labandikwa kule tunakotundika mikoba. Wateja wa jioni ndio balaa. Mama ana mtoto mgongoni na mwengine avuta kanga, foleni yafika kwenye friji, nawe wamwuliza habari za watoto wa watu. Akikataa, wa nyuma yake wamtazama. Akikubali, akutazama wewe vibaya. Mzee mmoja alinambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, juzi mlinipa pipi mbili, mkasema chenji hamna. Leo mwaiona?"

Nilikosa la kumjibu. Ni mie niliyempa zile pipi.

Yakaja hayo ya mwisho wa mwezi, meneja kashika hundi kubwa, jina la duka limeandikwa hivi, la mteja halipo. Wateja wakawa waingia tayari wamekasirika, hata hujafungua mdomo: "Usiniulize!" Na mkubwa yuko juu ofisini, hatukanwi yeye. Miezi mitatu ya mwisho lengo nilikuwa nalitimiza kwa pesa yangu, natia shilingi ishirini, thalathini, nisibandikwe. Hivyo katika ile hundi nami nimo, na wala sikuwa nimetaka.

---

Katibu wa Tawi

Nitakuwa mkavu kidogo, nisamehe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kugusa mshahara isipokuwa kwa makato yanayotakiwa au kuruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mahakama au tuzo, au kwa deni ambalo mfanyakazi amelikubali kwa maandishi. Godoro la kituo cha afya si deni la mfanyakazi. Saini kwenye karatasi iliyochapwa majina tayari haikuokoi.

Mapumziko ya wiki ni saa 24 mfululizo. Mtu akifanya kazi ndani ya muda huo, kila saa ni mara mbili ya malipo ya msingi. Kufyeka nyasi ukiwa umeletwa na basi la kampuni, na fulana ya kampuni, ni kazi. Usije ukaambiwa ni matembezi.

Mama anayenyonyesha: hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Msimamizi wa zamu hana mamlaka ya kusema laini haisimami.

Sasa hesabu, kwa faida ya mkurugenzi wako. Kupata malipo ya saa moja unagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa 45. Tuchukue mtu wa 195,000, inakuja kama 1,000 kwa saa. Mara mbili, 2,000. Saa saba, 14,000. Zidisha kwa watu 148: milioni 2 na elfu 72. Nyie mlitumia milioni 2.4 kwa fulana na kofia. Mngewalipa Jumapili yao wakaja na nguo zao za nyumbani, chenji ingebaki.

Na kama kuna mtu anasoma hapa ana tatizo kama hili: migogoro isiyo ya kuachishwa kazi unaipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Wengi wanafika siku ya 90 na karatasi zao nzuri.

---

Mwenye Kiwanda Kidogo

Na mimi niseme la upande wa pili, maana humu waajiri tumekuwa mabwege wa kurushiwa mawe.

Nina mashine ya kusaga na kukoboa, watu 11. Kila mwezi natoa viroba vinne vya unga kwa watoto wanaolelewa kituo kimoja hapa mjini. Mwaka wa kwanza niliweka picha mtandaoni. Nilichokipata: nusu ya watu wanasema najitangaza, nusu nyingine wanakuja dukani kuomba unga. Kijana wangu mmoja wa mashine akanuna wiki nzima. Mishahara nalipa tarehe 28, sijawahi kuchelewa. Sasa huyo naye kalowa fulana?

Kuna watu hawaridhiki. Mkurugenzi wako anakosea, lakini hilo la punda hajalitoa hewani.

---

Kibarua Mstaafu

Mwenye Kiwanda Kidogo, ulimuuliza kwa nini kanuna?

---

Mwenye Kiwanda Kidogo

Nilimuuliza. Alisema alikuwa ameomba mkopo wa kiroba kimoja wiki ile, nikamwambia hali ngumu.

Haya, cheka. Picha sipigi tena, unga bado natoa.

---

Kanda ya Ziwa

Sisi tunaoishi jirani na mgodi tumelizoea hili muda mrefu, ila tatizo letu ni neno moja: MSAADA.

Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, mwenye leseni anatakiwa kila mwaka aandae mpango wa kurudisha kwa jamii na akubaliane na halmashauri. Maana yake si hiari tena. Sasa kampuni inajenga madarasa mawili, inakuja na zuria jekundu, mwanafunzi anafundishwa shairi la kushukuru, na bango linasema "msaada kutoka kwa..." Wazee wakakaa kimya wakati wa kupiga makofi. Kimya kabisa. Mgeni rasmi akarudia sentensi akidhani spika imezima.

Baadaye mzee mmoja akatueleza sisi vijana: mtu akikulipa kodi ya nyumba yako, humpigii magoti. Ukishapiga magoti, mwezi ujao atalipa akipenda.

Mleta mada, kwenu haikuwa lazima, naelewa. Ila wale waliochangia 5,000 halafu wakasikia kwenye spika kwamba kampuni imetoa, walikuwa wanasikia neno lile lile.

---

Bostoni Baridi

Nimesoma uzi wote nikakumbuka kitu nilichokiona huku.

Juni 2019 nilikuwa Boston. Kampuni ya kuuza samani mtandaoni, Wayfair, makao yake yako hapa. Wafanyakazi wakagundua kwamba kuna mauzo ya samani za vyumba vya kulala za kama dola 200,000 kwa mkandarasi anayeendesha kambi ya watoto wahamiaji Texas. Mamia wakasaini barua kwa wakubwa: tusiwauzie hawa, na faida iliyopatikana ipelekwe kwa shirika la RAICES linalowatetea wahamiaji. Wakubwa wakakataa kusitisha mauzo. Ila kabla ya maandamano wakatangaza kuwapa Msalaba Mwekundu wa Marekani dola 100,000.

Ukifuata hesabu ya mkurugenzi wako, hapo watu wangepiga makofi. Tarehe 26 wakatoka ofisini, wakajaa uwanja wa Copley. Nilikuwa napita, ndiyo nikajua. Dola laki moja zilitolewa kwa shirika linaloheshimika, na hazikutuliza hasira, kwa sababu hawakuwa wameomba sadaka. Waliomba kitu kimoja mahususi, wakajibiwa kwa kitu kingine.

Hesabu yako ya milioni 6 na milioni 6.8 nayo ina babu yake. Philip Morris, wale wa sigara, mwaka 1999 walitoa misaada ya dola milioni 75, kisha wakatumia milioni 100 kuitangaza. Hadi leo kampuni ikitajwa kwenye mambo haya, watu hawakumbuki nani alipata ile 75.

Na kwenu pia walikuwa wameomba kitu. Kiliandikwa ukutani kwa makapeni.

---

Bi Utawala

Wakuu, nimerudi. Wiki tano zimepita, nilikuwa naona aibu kufungua.

Taarifa niliiandika kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza niliweka zile jumla mbili, juu na chini, bila maelezo. Wa pili nikaweka hesabu ya Katibu wa Tawi kwa mishahara yetu halisi. Neno punda sikulijibu. Mkurugenzi alisoma akiwa amesimama, akaniuliza nani mwingine ameiona, nikasema hakuna. (Nyie hamna majina.) Akaniambia niache mezani.

Siku ya nne akaniita. Ile 5,000 imerudishwa kwa wote. Jumapili italipwa mara mbili, kwa awamu mbili, ya kwanza imeshaingia na mwezi uliopita. Nilitaka tangazo liwe na neno samahani. Alilikata kwa kalamu nyekundu akaandika "marekebisho ya malipo". Sikubishana, nilikuwa nafikiria awamu ya pili.

Magodoro ya zamu ya usiku yamenunuliwa manane, yale ya inchi nne. Msimamizi analalamika kwamba sasa watu wanapitiliza mapumziko.

Chumba cha kunyonyeshea nimekipata, ni ile stoo ya lebo karibu na geti. Viti viwili, pazia, sinki, na mama mlezi akitaka kumleta mtoto anapita getini bila kuandikishwa. Siku tatu za kwanza hakuingia mtu hata mmoja, nikaanza kusikia sauti ya mkurugenzi kichwani. Ya nne nikaenda mwenyewe kuangalia. Chumba kimefungwa. Ufunguo alikuwa nao yule yule msimamizi wa zamu, na hakuna mama aliyetaka kwenda kumwomba. Nimeuchukua, sasa unaning'inia kwenye msumari nje ya mlango.

Wateja bado. Katoni haijashuka bei, kwa hiyo matusi yanaendelea, ila yamepungua. Mtaro wenyewe tumekubaliana na serikali ya mtaa kwamba gari letu litazoa chupa kila Alhamisi, pande zote mbili za daraja, Jirani wa Mtaro asije akanisema. Meneja masoko aliuliza kama apeleke mpiga picha. Nilimtazama tu.

Yule dada anaingia chumbani saa nne na saa tisa. Juzi alipitia ofisini, safari hii alikaa. Nilidhani amekuja kuuliza awamu ya pili. Akauliza kama ile picha inaweza kutolewa.

Kwenye ukurasa nimeitoa siku hiyo hiyo. Kalenda zimebaki katoni tatu, nimezifungia stoo. Bango la getini bado lipo, liko juu sana, na fundi mwenye ngazi ndefu amesema hadi Alhamisi.